Siku Tuliyochagua Mrija wa Rangi

Mjukuu wangu ana tabia ya kupaka rangi kucha mezani, pale pale tunapolia chakula. Juzi nilimfokea. Nilimfokea kuliko kosa lenyewe, mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kimevunjika nini. Hakikuvunjika kitu. Ni ile harufu tu: harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, yenye ukali nyuma yake, inayoingia puani na kukataa kutoka. Ninyi wa rika langu mliokulia jirani na gereji mnaijua. Kabla haijawa ya kucha za wasichana ilikuwa ya milango ya malori, na kwangu mimi ilikuwa ya baba. Nilimwomba radhi mtoto, nikamwambia apake tu, ila akapakie barazani. Halafu nikabaki ndani peke yangu na hasira ambayo haikuwa ya mtu yeyote mle nyumbani.

Baba alikuwa fundi rangi katika gereji ya Singasinga mmoja pale Mbeya. Malori yaliyopondeka katika barabara ya vumbi yaliletwa pale yakanyooshwa, kisha baba akayapulizia rangi kwa mashine kubwa ya upepo iliyounguruma mchana kutwa. Alijifunga kitambaa puani, basi, hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake. Jioni alirudi nyumbani masikio yakiwa na rangi ya kazi ya siku hiyo. Mama na mimi tulijua gereji imepokea lori la nani kwa kumtazama masikio, na mama alikuwa akimsugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa huku akimwambia hakuolewa na lori.

Kwetu hasa ni Igowole, huko Mufindi, sisi ni Wahehe. Mbeya tulikuwa wageni wa kazi, kama wengi wa mtaa ule. Ndani tuliongea Kihehe, mlangoni tukaongea Kiswahili cha kuokoteza na majirani zetu Wasafwa na Wanyakyusa, na kila mtu alimcheka mwenzake matamshi. Rafiki mkubwa wa baba alikuwa Mngoni, mnyoosha bati wa gereji ile ile, jina lake Komba. Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zao walichinjana mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi matusi badala ya mikuki. Komba hakuwahi kuingia kwetu kwa hodi ya kawaida. Alisimama uani na kupaza sauti:

"Mtumwa wangu yupo? Nimekuja kuhesabu mbwa, maana nikikaa sana ninyi Wahehe mnawamaliza!"

Baba alimjibu kutoka ndani: "Ingia, Mngoni. Ila mkuki uache nje, usije ukakimbia na kumchoma mtu kama babu yako."

Mimi nilimwogopa na kumpenda Komba kwa wakati mmoja. Mama aliniambia mtani hana mpaka: anaweza kukunyang'anya tonge mkononi na usiseme neno, na kitu ulichompa mtani hakirudi. Msibani ndipo kazi yake hasa ilipo, alisema mama, lakini mimi nilikuwa sijaona msiba wa mtu mkubwa, kwa hiyo sikulitia maanani.

Kikohozi cha baba sikumbuki kilianza lini. Kwangu kilikuwa sehemu ya sauti yake. Ninachokumbuka ni siku Singasinga mwenyewe alipokuja nyumbani, amebeba makopo ya rangi iliyobaki na chupa ya thina ya kuzimulia, akayaweka barazani. Alikuwa mtu mwema kwa namna yake ya kupiga kelele.

"Wewe acha mashine," alimwambia baba. "Kifua yako nasikia mpaka ofisini. Pumzika. Rangi hii chukua, fanya kazi ndogo ndogo ya nyumbani."

Mama alianza kuyaingiza makopo ndani. Mimi nilifurahi mno. Baba atashinda nyumbani! Nilikimbia kuwatangazia wenzangu mtaani kwamba baba yangu amepewa likizo na rangi juu yake.

Kazi ndogo ndogo zenyewe ndizo zilizozaa malori madogo. Baba alichukua mbao nyembamba za masanduku ya chai, akazikata kwa kisu na msumeno mwembamba, akaunda lori lenye urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Halikuwa lori la watoto la kuburuta kwa kamba. Lilikuwa lori hasa, lililopunguzwa. Kila kitu kilipimwa: bodi, mlango, ngazi ya kupandia, mpaka ndoano za kufungia turubai. Magurudumu yalitoka kwenye makatambuga ya tairi yaliyochakaa, na taa zilikuwa vichwa vya misumari ya kiti vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa. Baba alikuwa akienda gerejini kupima lori la kweli kwa uzi wenye mafundo, anarudi, anagawanya. Mama alimuuliza vitu hivyo ataviuza wapi. Baba akasema hajui, ila mikono imezoea.

Jibu lilikuja lenyewe. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya Mufindi alikuwa amepeleka gari gerejini, akaliona lori dogo kwenye meza ya Komba, akaulizia mwenyewe. Alitaka malori sita, rangi ya mashamba yake, kijani chenye mshipi wa rangi ya maziwa ubavuni, yawe tayari kabla ya Krismasi. Akatoa na fedha ya kuanzia. Siku ile mama aliimba akipika. Nadhani ndiyo siku ya mwisho niliyomsikia akiimba wimbo usiokuwa wa kanisani.

Tatizo likawa rangi. La kwanza kati ya yale sita baba alijaribu kulipaka kwa brashi, na Komba alipoliona alikunja pua.

"Lori lina manyoya hili," alisema. "Au ni mbwa mmemgeuza?"

Kweli brashi iliacha mistari. Kwenye mlango wa lori kubwa mistari ya namna ile huioni, lakini kwenye mlango ulio sawa na kiberiti inaonekana kama matuta ya viazi. Rangi ilihitaji kupulizwa, tena kwa chombo kidogo, kwa ukungu mwembamba. Mashine ya gereji ingeligeuza lori dogo kuwa donge.

Basi asubuhi moja baba alivaa koti lake la kanisani, akaniambia, "Mama, twende dukani ukanisaidie macho." Alikuwa akiniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilikuwa darasa la tatu. Hakuna cheo nilichopewa baadaye maishani kilichonivimbisha kichwa kama kile cha macho ya baba.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeuza vifaa vya wapiga picha na waandika vibao. Ukutani alitundika picha ya malkia kijana na kalenda ya kampuni ya matairi yenye mlima wa theluji. Baba alieleza anachotaka, na mwenye duka akapanga vyombo vitatu juu ya kioo cha meza. Kwa nini baba alimwomba maji badala ya rangi nilielewa haraka: tulikuwa tunakwenda kuvijaribu vyote juu ya karatasi ya kaki, bure.

Cha kwanza kilikuwa bomba la dawa ya mbu, lile lile mnalolijua, la kusukuma kwa mkono. Baba alilisukuma mara moja. Kwenye karatasi yakatua matone makubwa, mengine yakaanza kutambaa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Mvua," nikasema.

"Hilo tuache. Lori la Mzungu halitakiwi kunyeshewa."

Cha pili kililala ndani ya kijisanduku chenye kitambaa laini chekundu. Kilikuwa kama kalamu ya wino, kina kikombe kidogo ubavuni kisichozidi kifuniko cha chupa, na nyuma kina mpira mwembamba wa kuleta hewa. Mwenye duka aliunganisha mpira ule na tyubu ya gurudumu la lori aliyokuwa ameijaza kwa pampu na kuiweka chini ya meza.

"Hii kalamu toka Ulaya," alisema. "Gusa kidole tu, hewa yenyewe inafanya kazi. Wewe hapana choka."

Baba aligusa. Sikusikia kitu ila mnong'ono. Kwenye karatasi kikatokea kivuli, kikawa mstari mwembamba kama unywele, kikapanuka tena kuwa wingu, vyote kwa kidole kimoja. Baba aliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekula chakula alichokitamani muda mrefu. Alikirudisha kidude kile kwenye sanduku lake kwa mikono miwili.

Cha tatu kilikuwa mirija miwili ya shaba iliyoungana kwa bawaba, unaikunjua inakuwa kama kiwiko. Mmoja unazama kwenye rangi, mwingine unautia mdomoni, unapuliza, na pumzi yako inapopita juu ya mrija wa kwanza inaivuta rangi na kuipasua kuwa ukungu. Hakuna tyubu, hakuna pampu. Bei yake ilikuwa ndogo sana. Baba alipuliza mara moja, pumzi ndefu. Ukungu ukatua mzuri, si kama wa kalamu, lakini mzuri.

Kisha baba aliegemea meza kwa viganja viwili na kuitazama kalenda. Aliitazama muda mrefu. Mimi nilidhani amependezwa na ule mlima wa theluji, nikautazama na mimi, tukautazama pamoja.

"Usitazame chombo," aliniambia baadaye, sauti yake ikiwa chini. "Wanunuzi wanatazama chombo. Wewe tazama karatasi. Haya, mama, tuchukue kipi?"

Hapa lazima niwe mkweli, maana nimekwisha kuwa mzee na sina wa kumpendeza. Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa akitusimamisha uwanjani asubuhi, ukungu wa mlima Loleza bado haujapanda, na kutuamuru tuvute pumzi mpaka mbavu ziume. Kifua ni msuli, alituambia, kisipofanya kazi kinalala. Mimi nililiamini neno lile. Niliona mrija ule utamfaa baba mara mbili: atapaka malori, na kifua chake kitaamka. Lakini nikisema hiyo ndiyo sababu pekee nitakuwa mwongo. Njiani tulipokuwa tunakuja baba alikuwa amesema, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba chombo kikiwa rahisi itabaki fedha ya kununulia raba. Darasani kwetu wasichana watatu walikuwa na raba nyeupe za turubai, nao walikaa mbele siku za kuimba.

"Huu," nikasema, nikiugusa mrija. "Kupuliza kutakutia nguvu, baba."

Mwenye duka alimtazama baba, akakisogeza mbele tena kile kijisanduku cha kalamu. Baba alicheka.

"Umesikia bosi wangu," akamwambia. "Funga huo."

Raba tulizinunua duka la tatu kutoka pale. Nilirudi nyumbani nazo mkononi, nimezivua barabarani zisishike vumbi.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba yalikuwa mazuri. Baba aliketi uani kwenye kigoda, lori moja juu ya kopo lililopinduliwa, mrija mdomoni. Alinipangia mahali pa kukaa. Kila mara alilowesha kidole, akakiinua, akaona upepo unatoka wapi, akaniambia, "Kaa kule upepo unakotoka. Rangi hii siyo ya mtoto." Nikikaa vibaya aliacha kazi mpaka nihame. Mimi nilikuwa na kazi yangu: kutazama rangi isije ikatiririka. Nikiona tone linataka kutambaa, nilisema "Baba!" naye alilifuta kwa ncha ya kitambaa.

Alipuliza mara tatu, akapumzika. Akapuliza mara tatu, akapumzika. Lori la kwanza lilikwisha kwa siku mbili. La pili kwa siku nne. Nilipoona mapumziko yanakuwa marefu niliomba nimpulizie. Ndiyo mara moja tu katika maisha yangu aliyonikaripia.

"Ukigusa hiki na mdomo wako nitakutandika," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Nilinuna. Nilidhani ananionea wivu kwa kuwa mimi nina pumzi nyingi kuliko yeye. Nilimwambia, kwa ujeuri wa mtoto aliyejibiwa vibaya, kwamba yeye anapuliza kivivu, ndiyo maana kifua hakipati nguvu. Baba akasema, "Basi nitajitahidi, mama." Akajitahidi. Nilimwona akijitahidi.

La tatu na la nne yalikwisha. La tano lilipakwa ubavu mmoja. Asubuhi moja sikumkuta uani, nikamkuta kitandani amekaa, maana kulala hakuwezi tena, na mama ameshika beseni. Hospitali walimweka siku kadhaa, wakasema apelekwe nyumbani kwa wazazi. Watu wazima walipokuwa wakisema apelekwe nyumbani kwa wazazi, sisi watoto tulielewa ni kwenda kusalimia.

Singasinga alimwomba dereva mmoja wa lori nafasi ya mbele. Baba na mama wakakaa na dereva, mimi na bibi mmoja tukawa nyuma. Tulipofika Ubaruku tuliongezewa magunia ya mpunga, nikasafiri juu yake kama mtoto wa mfalme, raba zangu zimefungwa kwa kanga nisizipoteze. Igowole kulikuwa na baridi na mvua nyembamba isiyokatika. Baba aliishi huko majuma mawili, katika nyumba aliyozaliwa.

Siku ya maziko mama alinivalisha raba. Nilitaka kukataa na sikujua niseme nini. Watu walijaa ua wote, mwalimu wa kanisa akasoma, akina mama wakaimba. Sanduku lilipobebwa kwenda shambani lilipochimbwa kaburi, njia ikazibwa. Komba alikuwa amelala kifudifudi katikati ya njia. Alikuwa amekuja kutoka Mbeya kwa lori, amevaa koti ndani nje, na kichwani ameweka sufuria.

"Hapiti!" alipiga kelele. "Mhehe huyu ana deni langu! Mnamkimbiza wapi?"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao. Mimi peke yangu sikucheka. Niliona mtu aliyekula kwetu miaka yote anamchezea baba yangu akiwa amekufa.

Komba aliinuka. Akatoa mfukoni ule mrija wa shaba. Vifaa vya baba tulikuwa tumemwachia yeye. Aliukunjua, akautia mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza. Kisha akakohoa. Alikohoa kama baba hasa, kile kikohozi kinachoanza chini na kupanda ngazi, na alipomaliza aliegemea hewani kwa viganja viwili, kama mtu aliyeegemea meza. Bibi yangu, mama yake baba, alicheka mpaka akakaa chini, na hapo kicheko chake kikageuka kuwa kitu kingine.

"Tazameni!" alisema Komba akiuinua mrija juu. "Babu zake walisimama mbele ya bunduki, yeye kauawa na filimbi! Nani kamchagulia Mhehe huyu chombo hiki? Eeh? Nani? Ajitokeze alipe faini, la sivyo mtani hamwachii mtu!"

Leo najua alikuwa anafanya kazi yake. Najua anayepaswa kujibu ni mkubwa yeyote wa ukoo, kwa kuku, kwa senti, kwa tusi zuri zaidi. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilisikia swali, na jibu lake nilikuwa nalo peke yangu katika umati ule wote. Nilijua Komba ameambiwa. Nilidhani baba mwenyewe ndiye aliyemwambia.

Nilijipenyeza katikati ya miguu ya watu wazima. Nikakaa kwenye matope, nikafungua kamba za raba, moja, ya pili, nikazivua. Nikazipanga miguuni pa Komba, visigino pamoja, kama unavyoziacha mlangoni. Nikasimama peku mbele yake nikingoja anachokwenda kunifanya.

Umati wote ulilipuka kwa kicheko na vigelegele. "Mhehe mdogo kalipa! Kamweza Mngoni!" Wajomba walinipiga mgongoni. Komba aliinama akaziokota. Halafu akazifunga kamba zile pamoja, akazitundika raba shingoni, moja kila upande wa kifua.

"Faini imepokewa," alitangaza. "Kesi imekwisha. Mpitisheni."

Akajitoa njiani, na baba akazikwa.

Mama hakuniuliza siku ile. Aliniuliza baadaye kwa nini nilitoa raba ilhali bibi alikuwa ameshika kuku tayari, nikasema sijui. Kitu cha mtani hakirudi, basi likaishia hapo. Hatukurudi Mbeya. Yale malori manne Komba aliyafikisha kwa yule Mzungu, na fedha akaleta yote. Mimi nikakua na siri yangu. Watu walinisifu kwa ile siku, kwamba nilikuwa mtoto hodari wa utani, na kila waliponisifu nilitamani ardhi inimeze. Nilijifunza kazi, nikaolewa, nikazaa. Kuna vitu vidogo nilivyoshindwa. Moto wa kuni, kwa mfano, nilikuwa naupepea kwa kifuniko cha sufuria. Kupuliza mbele ya watu sikuweza.

Ni moto huo ulionifichua. Nilikuwa nimekwenda Igowole kumtazama mama, nina watoto watatu tayari. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mimi nahangaika na kifuniko, kuni mbichi, moshi umejaa jiko zima.

"Una ugonjwa gani wewe?" aliniuliza. "Puliza moto, tutakufa na moshi."

Sijui kwa nini ilikuwa siku ile. Nilimwambia. Nilimwambia duka, vyombo vitatu, kalenda, raba. Nilimwambia maneno niliyomjibu baba alipochoka. Nilimwambia mimi ndiye niliyemchagulia mrija, na kwamba kwenye maziko Komba aliuliza nami nikajibu.

Mama aliuweka ungo chini. Nilitegemea anikumbatie au anipige, lolote. Alikuwa amekasirika.

"Baba yako alipaka rangi malori ya nusu ya nchi hii," alisema. "Unadhani alihitaji mtoto wa darasa la tatu amwambie mrija na kalamu kipi bora? Miaka yote hii umemfanya mume wangu mjinga?"

Nikakiweka kifuniko chini.

"Asubuhi ile kabla hamjatoka aliniambia, leo mtoto atapata raba. Nikamwambia, nunua hiyo kalamu ya hewa unayoiota kila siku, ukae nayo, raba zitakuja. Akaniuliza, zitakuja lini?" Mama aliokota punje moja iliyoanguka. "Nikamfunga vifungo vya koti. Yeye alikuwa fundi. Fundi anajua kitu kilichokwisha."

"Sasa kwa nini aliniuliza mimi?"

"Ili raba uwe umezichagua wewe," alisema mama, akauvuta ungo wake mapajani.

Nilikuwa nimefikiri siku nitakayoambiwa sina kosa nitapumua. Haikuwa hivyo. Hatia nilikuwa nimeizoea, na tena nilikuwa nimeilipia, kwa vitu vyenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo duniani. Hili jipya halikuwa na faini. Mtu alisimama pale dukani akijua amebakiza pumzi ngapi, akanigeukia kwa uso wa kawaida kabisa na kuniuliza tuchukue kipi. Kwamba baba alikufa, nililia nikiwa mtoto. Kwamba alinipenda kiasi kile, nililia nikiwa mama wa watoto watatu, jikoni kwa mama yangu, na kilio hicho cha pili bado sijakimaliza.